Likizo ya sabatiko ya miezi 12: barua, mwenyeji, fedha na wanafunzi wa uzamivu vinapangwaje?

MhandisiMaji

Wakuu, habari za majukumu. Ni mhadhiri mwandamizi wa rasilimali maji katika chuo cha umma hapa Dar. Juni ijayo natimiza miaka sita ya utumishi mfululizo, na nataka kuomba likizo ya sabatiko (mhadhiri kuachiwa kufundisha kwa muda ili afanye utafiti wake), ikiwezekana ya mwaka mzima. Kazi yenyewe ni mafuriko ya Bonde la Msimbazi. Vipimo vya mvua na kina cha maji vya miaka kadhaa vipo lakini havijachakatwa, na modeli ya mtiririko kwenye mitaa iliyobanana ni jambo la kujifunza upya.

Naomba kujua: maombi yanaandikwaje na yanapita kwa nani? Mwenyeji wa nje anatafutwa vipi, na viza ina mitego gani? Je, kuna haja ya kwenda nje kabisa? Na wanafunzi watatu wa uzamivu nawaacha vipi bila kuwaumiza?

Majibu yenye maelezo ya utekelezaji tafadhali, si ya kutiana moyo.

---

MezaYaUtumishi

Daktari, kabla ya barua soma kanuni za utumishi za chuo chako, kifungu cha likizo ya sabatiko, neno kwa neno. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, miaka inahesabiwa kuanzia lini: ajira, kuthibitishwa kazini, au kurudi kutoka masomoni? Wengi hukataliwa hapa, kwa sababu walijihesabia na ile miaka waliyokuwa likizo ya masomo. Pili, mshahara unalipwa wote, nusu, au unategemea kama mwenyeji anakulipa. Tatu, unadaiwa nini ukirudi: ripoti ndani ya muda gani, na utumishi wa miaka mingapi kabla hujaruhusiwa kuhama.

Hiyo miaka sita haikutoka hewani. Harvard ndiyo inayotajwa kuanzisha utaratibu huu mwaka 1880, na jina limetokana na sabato, mwaka wa saba ambao shamba haliguswi. Marekani mtindo ulioenea ni muhula mmoja kwa mshahara kamili au mwaka mzima kwa nusu. Kwetu kila chuo kina maandishi yake, kwa hiyo usinukuu kanuni za jirani kwenye barua yako.

Likizo hii haifanani na likizo ya mwaka. Inatolewa kwa kuangalia mpango wa kazi na hali ya idara, na neno linaloua maombi mengi ni "mahitaji ya kazi hayaruhusu". Dawa yake ni kalenda. Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 hukusanywa idarani kati ya Desemba na Machi. Mkuu wa idara akipata barua yako Mei, fedha ya kumlipa mhadhiri wa muda atakayeshika masomo yako haipo popote, na hata akikupenda vipi hana pa kuitoa. Barua iwe mezani kwake mapema Desemba.

Njia ya barua ni mkuu wa idara, kikao cha idara (dai muhtasari wa kikao, usiridhike na kauli ya mdomo), kisha amidi (mkuu wa kitivo) au rasi (mkuu) wa ndaki, kisha rasilimali watu, kisha ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Inakwama zaidi kati ya ndaki na rasilimali watu, kwa sababu ndogo: kiambatisho kimoja hakipo na hakuna aliyekupigia simu kukuambia. Andika orodha ya viambatisho chini ya barua, vyote vikiwa na namba, ili karani apokee akivihesabu.

Viambatisho ni mpango wa kazi wa kurasa nne hivi, wasifu, barua ya mwaliko, na jedwali la masomo. Jedwali hilo ndilo watu hulifanya kwa uvivu, na ndilo linalosomwa. Weka msimbo wa somo, muhula, saa kwa wiki, idadi ya wanafunzi, nani atashika, na sahihi yake kwamba amekubali. "Idara itapanga" maana yake hujapanga. Kama mwenzako wa idara hiyohiyo naye anaomba mwaka huo, zungumzeni kabla. Mkiingia wawili kwa pamoja, mara nyingi mnatoka mikono mitupu wote.

Upande wa fedha, mshahara ukiguswa, na makato yanaguswa. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 kwako na 15 kwa mwajiri. Omba kwa maandishi ithibitishwe kama mwajiri ataendelea kuchangia kwa mshahara kamili au ule uliopunguzwa, maana pengo la mwaka mmoja hulioni leo, utaliona siku ya kustaafu. Kama bado kuna deni la bodi ya mikopo, lile kato la asilimia 15 ya mshahara wa msingi halijui kwamba uko likizo. Ukiwa na mkopo wa benki wenye marejesho ya mwezi, piga hesabu ya nusu mshahara kwanza. Kuna wanaogundua mwezi wa pili kwamba kinachobaki hakifiki nauli ya Mwenge.

Kwa chuo cha umma kuna kibali cha kusafiri nje ya nchi, nacho ni tofauti na barua ya likizo. Usikate tiketi isiyorudishika kabla hujakipata. Na PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, haisimami. Jaza malengo ya mwaka yanayoendana na likizo (makala, kitabu, mafunzo) na msimamizi wako ayapitishe kabla hujaondoka, la sivyo utapimwa kwa saa za kufundisha ambazo hukupangiwa.

---

BiSalasala

MezaYaUtumishi amemaliza ya nyumbani. Nichukue la mwenyeji.

Usimwandikie mkuu wa chuo wala ofisi ya mahusiano ya kimataifa. Mwandikie mtafiti mmoja ambaye makala zake umezisoma, barua pepe isiyozidi nusu ukurasa, na kiambatisho kimoja cha ukurasa mmoja. Sema unakuja na nini: takwimu za mto wa mjini katika nchi ya joto, za miaka kadhaa, ambazo yeye hana. Sema unahitaji nini: meza, kadi ya maktaba, leseni ya programu, saa moja ya mazungumzo kila wiki mbili. Sema nani analipa. Barua isiyotaja fedha husomwa kama ombi la fedha. Asipojibu kwa wiki tatu, kumbushia mara moja kisha hamia kwa mwingine. Kuanza miezi 15 kabla si mapema.

Uliza wazi kama kuna ada ya meza au ya maabara. Baadhi ya vyuo hutoza wageni ada kwa mwezi, na habari hiyo huja baada ya mwaliko.

Barua ya mwaliko iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, hadhi yako (mtafiti mgeni, si mwajiriwa), jina la mwenyeji, vifaa utakavyotumia, na kwamba mshahara unaendelea kulipwa na mwajiri wako Tanzania. Tarehe za mwaliko, za barua ya likizo na za kibali cha kusafiri zifanane. Zikipishana hata kwa wiki moja, ubalozini utaulizwa, na kurekebisha barua ya chuo huchukua muda kuliko viza yenyewe.

Viza zinatofautiana sana. Uingereza ina nafasi mahsusi: msomi aliye likizo ya sabatiko anaweza kuomba viza ya mgeni ya hadi miezi 12 kwa utafiti wake mwenyewe. Ukipita miezi sita, Mtanzania anatakiwa cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki waliyoiidhinisha. Baadhi ya fani za sayansi na uhandisi huhitaji pia idhini ya ATAS (ukaguzi wa usalama kwa watafiti wa kigeni), isiyo na ada lakini inakula wiki kadhaa, na ndiyo wengi wanaikumbuka tiketi ikiwa mfukoni. Uholanzi, kwa kukaa zaidi ya siku 90, maombi ya ukaazi wa mtafiti yanafanywa na taasisi mwenyeji ambayo tayari imetambuliwa na idara yao ya uhamiaji. Kwa fani yako IHE Delft, taasisi ya elimu ya maji, inaingia akilini haraka, iko kwenye kazi ya maji tangu 1957. Muulize mwenyeji nani ofisini kwake anashughulikia hilo, na mpate huyo mtu moja kwa moja.

Marekani ndiko kwenye mtego mbaya zaidi. Viza ni J-1, ya wageni wa kubadilishana maarifa (tangu Januari 2026 Marekani ilisimamisha kuwapa Watanzania, kwa hiyo ulizia ubalozini kwanza), na fomu ya DS-2019, inayothibitisha kwamba umepokewa, hutolewa na mwenyeji. Kuna makundi mawili ya kuangalia. La msomi wa muda mfupi mwisho wake ni miezi sita na haliongezwi. La mtafiti linakwenda hadi miaka mitano, lakini ukilimaliza, hata kama umekaa miezi minne tu, huruhusiwi kurudi kwenye kundi hilo kwa miezi 24. Mtu anakwenda miezi minne akiwa ameandikwa mtafiti, mwaka unaofuata anapata mradi mkubwa, mlango umefungwa. Kama safari haifiki miezi sita, omba uandikwe wa muda mfupi. Bima nayo ina viwango vya kisheria: dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kusafirishwa ukiwa mgonjwa, 25,000 za kurudisha mwili, na sehemu unayojilipia isizidi 500. Bima za bei nafuu za wasafiri mara nyingi hazifiki hapo. Ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa aina hii, ni dola 220, mbali na ada ya viza.

Kuhusu ufadhili, DAAD wa Ujerumani wana ziara za utafiti kwa wahadhiri za mwezi mmoja hadi mitatu, na Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wana mpango wa watafiti wa Afrika. Ukipata Fulbright, kumbuka sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Kwa mwajiriwa wa chuo anayerudi kazini halina shida. Ziara fupi mbili ndani ya likizo moja hupatikana kirahisi kuliko ufadhili wa mwaka.

Na fedha ya mwanzo: posho ya kwanza kwa kawaida haiingii mpaka ufungue akaunti ya benki kule, na akaunti inataka anwani, na anwani inataka amana ya nyumba. Ujerumani amana inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Beba cha kukutosha wiki sita.

---

Makongo_Juu

Mimi napingana kidogo na dada BiSalasala. Swali la MhandisiMaji lilikuwa "kuna haja ya kwenda nje kabisa?" na limerukwa.

Tuangalie kazi yenyewe. HEC-RAS, programu ya jeshi la wahandisi la Marekani ya kuigiza mtiririko wa mto, ambayo wengi wangeitumia kwa mto kama huu, ni ya bure na miongozo yake iko wazi. Ramani za mitaro na usawa wa ardhi za kata zinazofurika zimekuwa zikikusanywa hapahapa chini ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani kwa kushirikisha wananchi, tangu 2015, pamoja na picha za ndege zisizo na rubani. Mvua iko Mamlaka ya Hali ya Hewa, maji ya mto yako Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kinachokosekana hakiko Delft. Kinachokosekana ni miezi minne ya mtu mmoja kukaa chini bila kuitwa kikaoni.

Tena matatizo ya modeli ya Msimbazi ni ya huku. Makalvati kwenye modeli yako wazi, lakini barabarani yameziba kwa taka na mchanga, kwa hiyo maji ya modeli yanashuka wakati ya Jangwani bado yamejaa. Utalazimika kupunguza upana wa kila kalvati kwa kipimo ulichokiona kwa macho, si kwa michoro. Kule chini Salender kuna bahari: mvua ileile ikinyesha wakati wa bamvua na ikinyesha wakati wa maji mafu inatoa mafuriko mawili tofauti. Mwenyeji wa Ulaya atakusaidia hesabu, kalvati hatakusaidia.

Hatari ya kubaki Dar ninaijua, na jina lake ni ushauri elekezi. Watu wakisikia una likizo wanasikia una nafasi. Kazi ya wiki tatu inakuwa miezi miwili, na mwisho wa mwaka kuna ripoti tano za wateja na hakuna hata makala moja. Ukiamua kubaki, hama meza. Kukaa ofisini kwako Mlimani au Chang'ombe ukiwa likizo ni kujidanganya, kila anayepita atagonga. Omba kukaa kwenye taasisi nyingine, hata SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine) Morogoro au Makerere ya Uganda, ambako hakuna anayekujua kama mjumbe wa kamati. Kwenda Uganda na Kenya, Mtanzania hahitaji viza.

Mgawanyo ambao ningeutetea: mitihani ya muhula wa pili ikiisha Julai, funga usahihishaji na makabidhiano wiki tatu. Agosti hadi Oktoba safisha takwimu. Kazi hii huchukua mara mbili ya muda uliofikiria, sikuzote, kwa sababu vipima mvua vimehamishwa, saa za vifaa zimepishana, na faili za miaka ya mwanzo hazina vipimo vya rejea. Novemba hadi Januari nenda nje ukiwa na takwimu safi na modeli inayotembea hata kama inatembea vibaya. Hapo miezi mitatu ya mwenyeji inakuwa na thamani. Anayekwenda na takwimu chafu anatumia ziara nzima kuzisafisha huku analipa kodi kwa euro. Februari rudi, weka vipima viwili au vitatu tu vya kina cha maji, masika ya Machi hadi Mei yakukute tayari, na uandike huku yakinyesha.

Lengo kuu liwe moja. Makala moja nzito na mtaala wa somo jipya, au rasimu ya kitabu. Mipango yenye "makala sita, kitabu, ufadhili mkubwa na kozi mbili" wanakamati huipitisha kwa tabasamu, halafu ripoti ya kurudi inapoletwa ndipo tabasamu linapoisha.

---

BiSalasala

Nakubali la kwenda na takwimu safi. Sikubali vipimo vipya. Likizo ya sabatiko si ya kukusanya, ni ya kumaliza. Vipima maji vitatu ni kuvilinda visiibiwe, betri, kwenda Kigogo kila wiki, na barua za serikali za mitaa.

---

Makongo_Juu

Viwili basi, na vyote ndani ya uzio wa taasisi. Bila masika moja ya kuhakikisha modeli, mhakiki wa jarida atairudisha.

---

Kunduchi_Pwani

Naongeza vitu vinavyosahaulika.

Jina la taasisi kwenye makala. Ukiwa ugenini utaambiwa uweke chuo cha mwenyeji. Weka vyote viwili, lakini chuo chako kitangulie na wewe uwe mwandishi wa mawasiliano kwa anwani ya Dar. Sababu si uzalendo. Tanzania iko kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato cha chini majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo, na wachapishaji kadhaa husamehe au kupunguza ada ya kuchapisha wazi kwa kuangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano. Ukijiandika wa Ulaya unaletewa ankara ya maelfu ya dola. Msamaha huombwa wakati wa kuwasilisha makala. Ukisubiri ikubaliwe, majarida mengine hayasikilizi tena. Na kamati ya kupandisha vyeo itauliza kwa nini jina la chuo halipo.

Takwimu za kaya. Kama kwenye vipimo vyako vya mafuriko kuna dodoso zenye majina, namba za simu au alama za nyumba, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Toa majina, badilisha alama za nyumba ziwe za mtaa, na ufunguo wa majina ubaki chuoni. Soma pia masharti ya takwimu ulizopewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ruhusa ya kuzitumia wewe haina maana ya ruhusa ya kumpa mwenyeji nakala.

Vibali. Kwa mfanyakazi wa chuo, kazi ya uwandani hapa hupita kwa barua ya utambulisho ya chuo, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata. Lakini mwenyeji wako akitaka kuja kuuona mto na kupima, yeye anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kibali cha ukaazi daraja C. Anza miezi kadhaa kabla, na asije na viza ya utalii akidhani ni ziara. Utafiti wa afya ungeongeza NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Zanzibar ina utaratibu wake peke yake.

---

MhandisiMaji

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa barua ya Desemba, na nitaanza na takwimu. Limebaki la wanafunzi: mmoja yuko sura ya mwisho, mmoja ndiyo kwanza anarudi uwandani, wa tatu andiko lake la pendekezo la utafiti halijapita.

---

MezaYaUtumishi

Wa tatu ndiye wa kushughulikia kwanza. Andiko lipite kabla hujaondoka, au mwanafunzi apewe msimamizi mkuu mwingine kwa barua. Mwanafunzi asiye na andiko na msimamizi asiyepo hupoteza mwaka mzima, na saa ya usajili wake inaendelea kuhesabu na ada inaendelea kudaiwa.

Wa pili, msimamizi mwenza apewe mamlaka ya kutia sahihi fomu za maendeleo. Hakikisha jina lake limeingizwa kwenye mfumo wa chuo. Kukubaliana kwa mdomo hakufungui fomu.

Wa kwanza, kubaliana naye tarehe: sura inaingia Jumatatu ya kwanza ya mwezi, maoni yanarudi ndani ya wiki mbili, mazungumzo ya video mara moja kwa mwezi. Majina ya watahini wa nje na wa ndani yapendekezwe kabla hujaondoka. Mchakato wa kuwateua hupita vikao kadhaa, na ukiwa mbali hakuna atakayeusukuma. Tetezi ikiangukia ndani ya likizo, uliza mapema kama kanuni zinaruhusu ushiriki kwa njia ya video, na upate jibu kwa maandishi.

Kwenye lile jedwali la masomo, ongeza safu ya wanafunzi hawa watatu. Ni swali la kwanza ambalo rasi atauliza.